Kusafisha meno Arusha na Moshi: ugaga utatoka, ukahawia utabaki

Anayeingia kliniki ya meno Arusha mjini au Moshi akitaka "kusafishwa", mara nyingi ana jambo moja kichwani: ule ukahawia utoke. Hapo ndipo huduma hii, ambayo kwa kweli inastahili hela yake, inapochafuliwa jina. Mtu analala kitini nusu saa, anainuka, anajitazama kwenye kioo, mabaka ni yaleyale, anaondoka akisema ameibiwa. Hakuibiwa. Aliuziwa kitu kimoja akidhani ananunua kingine, na aliyemhudumia hakumwambia mapema.

Ukahawia wa waliokulia chini ya Meru na Kilimanjaro haukai juu ya jino. Unatokana na madini ya floraidi katika maji yanayopita kwenye miamba ya volkano. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, tabaka gumu la nje linajengeka likiwa na vitundu vidogo sana, na baadaye linanyonya rangi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Maji ya Mto Maji ya Chai, huko Arusha, yanazidi kiwango hicho mara kadhaa. Dawa ya ukahawia huo ni kazi nyingine na bei nyingine: kusugua tabaka la juu kwa asidi maalumu, kupausha, au kulifunika jino kwa dawa ya kuzibia yenye rangi yake. Rangi inayotoka kwa kusafisha ni ile ya nje tu: ya chai, kahawa na sigara.

Unacholipia hasa ni kuondolewa ugaga, yaani utando wa meno uliogeuka mgumu. Utando laini usiposwakiwa huanza kushika chokaa ya mate ndani ya siku chache, na ukishakuwa mgumu mswaki hauuwezi tena, uwe wa dukani au wa mti. Hujaa zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa kuwa ndipo mirija ya mate inapofungukia. Huo unaonekana kwa kioo. Ule mweusi ulio chini ya fizi hauonekani, na ndio unaoletea mfupa madhara.

Kwa hiyo huduma nzuri haianzi na mashine. Inaanza na maswali: una kisukari, unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, una valvu bandia ya moyo? Mwenye valvu hiyo hupewa antibiotiki kabla ya kuguswa. Kisha kinapita kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino, kila jino sehemu kadhaa, na namba zinaandikwa. 1 hadi 3 ni salama. 4 kwenda juu, tena damu ikitoka, hapo kuna mfuko, yaani fizi imeachana na jino. Ni hatua rahisi kurukwa kwa sababu mgonjwa haijui, na sisi tungeipa uzito kuliko kiti kizuri na televisheni ya mapokezi.

Mashine yenyewe ya kubandua ugaga hutetemeka maelfu ya mara kwa sekunde huku ikitoa maji ya kupoza. Ncha yake inatakiwa ilale ubavu kwenye jino. Ikisimamishwa kama msumari inakwaruza, na bila maji inaunguza. Kinywa chenye ugaga mwingi hakiishi kwa dakika 10. Hugawanywa mara mbili, nusu leo nusu siku nyingine, kwa ganzi pale mifuko ilipo mirefu. Umeme ukikatika, vyuma vya mkono vinamaliza kazi vizuri tu, ila polepole. Mwisho ni kung'arisha kwa brashi ndogo inayozunguka. Vifaa vifunguliwe mbele yako kutoka kwenye mfuko uliopita kwenye mvuke, nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3, na alama ya mfuko iwe imebadilika rangi. Kuloweka kwenye beseni la dawa hakutoshi.

Malalamiko yanayofuata yanajulikana: "wamenilegeza meno." Ugaga ulikuwa umeyashikiza kama simenti huku mfupa ukiliwa chini, ulipotoka, ulegevu na mianya vikaonekana. Maji baridi huuma siku kadhaa, na fizi hutoa damu siku moja au mbili. Sukutua kwa maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Unga wa mkaa, na limau na magadi, achana navyo: hukwangua na kulainisha tabaka ambalo halioti tena.

Miezi 6 ni mazoea mazuri, si amri. Mvutaji sigara, mwenye kisukari au mwenye mifuko ya milimita 4 na zaidi arudi kila miezi 3 au 4. Mwenye fizi nzima anaweza kukaa mwaka. Mount Meru na Mawenzi, kama hospitali zozote za rufaa za mkoa, jipange kwa foleni. Kwa binafsi uliza kama bei ni ya kinywa chote, na kama kupima fizi kumo. Mwenye bima aulize dirishani iwapo kifurushi chake kinalipia kusafisha au kung'oa na kuziba tu.

Ukitoka, omba nakala ya zile namba. Baada ya miezi miwili mitatu zipimwe tena: jino lililokuwa 5 likishuka hadi 3, kazi ilifika chini. Likibaki 5 na damu bado inatoka, huenda ugaga umeachwa ndani, na itabidi kurudia kwa ganzi.