Kuvu au sponji wa baharini: dawa ya saratani tuitafute wapi?

Kwa ushahidi, sponji, mnyama anayeishi chini ya bahari, anaongoza. Sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyotokana na kemikali zake, iliidhinishwa Marekani mwaka 1969; eribulini, dawa ya saratani ya matiti, ikafuata 2010. Shida ni malighafi: Wajapani walitumia kilo 600 za sponji kupata miligramu 12.5 tu za halikondrini B, kemikali iliyozaa eribulini! Matumbawe yetu ya Ghuba ya Mnazi, Mtwara, hayastahili kukombwa hivyo.

Kuvu unaitoa kwenye kijipande cha jani la mkoko wa Mikindani, inaota juu ya mchele uliochemshwa, chupani. Plinabulini, dawa ya majaribio yenye asili ya kuvu aina ya Aspergillus, imeshajaribiwa kwa wagonjwa. Ila kuvu ikioteshwa mara nyingi huweza kuacha kutoa kemikali ileile.

Mwanafunzi mwenye maabara ndogo, anza na kuvu. Mwenye wazamiaji, kibali na mashine za uchambuzi, sponji anakufaa.