Hedi ya alumini au ya chuma: ipi inaipa injini nguvu?

Karibuni tena watazamaji, leo tuko hapa Kamas, Kisumu. Mezani nina hedi mbili, yaani vile vifuniko vizito vinavyokaa juu ya silinda za injini. Hii nyeusi ya chuma imetoka kwa trekta, Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins. Hii nyeupe ni alumini, ya gari la Toyota Probox, injini ya 1NZ-FE.

Swali ninaloulizwa kila mara: "Fundi, hedi ya alumini itaongeza nguvu?" Peke yake, haiongezi. Kompresheni, yaani kiasi ambacho hewa na mafuta hubanwa ndani ya silinda, ikibaki ileile, chuma hakikosi kitu, kwa sababu kinalizuia joto lisitoroke ndani ya silinda, na joto ndilo linalosukuma pistoni. Uzuri wa alumini ni kwamba inatoa joto upesi, karibu mara tatu ya chuma, kwa hiyo petroli hailipuki kabla ya wakati na injini haigongi. Hapo mtengenezaji anathubutu kupandisha kompresheni. Hii 1NZ-FE inabana 10.5 kwa 1 na inakunywa petroli ya kawaida. Nguvu inatoka huko. Wepesi nao upo, kila mtu anaujua.

Sasa sogeza kamera. Angalieni kando ya tundu hili la maji: alumini imeliwa, vimebaki vishimo vyenye unga mweupe, hata kucha inaingia. Hiyo ni kazi ya maji ya mfereji. Jamani, wekeni kulanti, yale maji maalumu ya rejeta! Tena alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Jaza Probox abiria na mizigo, toka Ahero upande Kericho hadi Mau Summit na maji matupu kwenye rejeta; ikichemka, hedi inapinda na gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na mwili wa injini, inaungua. Ya chuma huvumilia zaidi, ila ikipasuka, kuichomelea ni shida kubwa. Alumini fundi mzuri wa kuchomelea gesi ya agoni anaiokoa.

Kwa trekta na injini ya kusagia unga, mimi nabaki na chuma. Kwa gari la barabarani, alumini, bila kusita. Ukinunua ya mtumba, nenda na rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Laza rula kutoka pembe hadi pembe, halafu jaribu kupitisha kibamba cha fila geji cha 0.05 mm chini yake. Kikipita, hedi imepinda: dai upunguziwe bei ya kuisawazisha kwa mashine, au mrudishie mwenyewe.