Steshenari ya Tunguu ilonichapia maisha ya Langston

Kwa wanaotafuta pa kuprinti vitabu virefu, hii steshenari ndogo ya njia ya kuingilia chuo hapa Tunguu, Unguja, naipa nyota nne. Niliwapelekea PDF ya kitabu cha zamani, kurasa zaidi ya 500, maisha ya John Mercer Langston, mwanasheria Mweusi wa Marekani, alivyoyaandika mwenyewe mwaka 1894, maana kwenye simu macho yananiuma na mie nasoma sheria, huyu mtu nlitaka nimsome na kalamu mkononi.

Kijana akaifungua akanambia, "Dada, hii ukiitia spairo moja itafumuka, tuigawe mara mbili." Na kweli. Kachapa mbele na nyuma, wino mweusi haswa, pembeni kaniachia nafasi ya kuandika. Nyota nimekata kwa sababu juzuu ya pili kurasa kadhaa zimetobolewa karibu mno, matundu yamekula herufi za mwanzo wa mistari, na ndo palepale penye kesi ya uchaguzi! Nikawarejeshea, wakazichapa upya bila kunidai kitu.

Na hiyo kesi jamani. Langston kazaliwa Virginia 1829, baba mzungu mwenye shamba, mama alikuwa mtumwa akaachwa huru. Shule za sheria zilimkataa kwa rangi yake, akajifunza kwa wakili huko Ohio mpaka 1854 akapata uwakili, baadae ndo mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard, tena akapelekwa Haiti kuiwakilisha Marekani. 1888 kagombea ubunge, akatangazwa mwengine, akapeleka pingamizi Bungeni kwenyewe na likaburutwa mpaka Septemba 23, 1890 ndo anaapishwa, na muhula unakwisha Machi 1891. Miezi mitano na siku chache! Uchaguzi uliofuata akakosa, lakini mtu Mweusi wa mwanzo kuiwakilisha Virginia katika Bunge la Marekani ni yeye. Sie tunaopita Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, kila leo tunapaswa kumjua. Anajisimulia kama anamzungumza mtu mwengine, mwanzo inachosha, ila kwenye pingamizi utamu wake unauona, unasoma kama hukumu.

Bei shilingi 100 kwa ukurasa, spairo mbali. Faili watumieni WhatsApp mapema kwani mchana wanafunzi wanajaa, na Ijumaa wanafunga mpaka watu watoke msikitini.