Nilikwenda kujifunza judo Japani, nikaambiwa nishukuru kwa kubwagwa

Niwe mkweli kwanza: darasa lenyewe si baya. Ningesubiri hasira zipoe ningetoa nyota nne na kwenda zangu. Lakini hazijapoa, na kisogo bado kinauma nikilala chali, kwa hiyo mtanivumilia.

Ni dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ya mtaani upande wa Saitama, ya wastaafu, watoto wa shule na watu wazima wachache wanaopitia pale wakitoka kazini. Jina nalihifadhi. Nilijiunga baridi ikianza, na viatu unavua mlangoni, kwa hiyo ule ubaridi wa sakafu mnaweza kuukisia wenyewe.

Wanaoanza wanafundishwa na mzee mmoja ambaye mkanda wake mweusi umechakaa hadi nyuzi nyeupe zinaonekana. Zile nyota nne zilikuwa zake. Wiki nenda wiki rudi hakunifundisha kitu ila kuanguka. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wako, mkono upige tatami, ule mkeka wa mazoezi, pamoja na mgongo, usingoje mgongo utangulie. Kwanza ukiwa umelala, kisha umechuchumaa, kisha umesimama. Kichwa kikilegea anatia kiganja chini ya kisogo changu, anakiinua kidogo, anasubiri, tunarudia. Haongei sana. Ukimaliza unatoka na jasho na mkono mwekundu, na unajiona umejifunza kitu cha maana. Kwa hilo sina neno.

Sasa njooni Jumamosi. Jumamosi mzee hayupo, anasimamia jamaa wa makamo mwenye sauti ya paredi. Siku hiyo akataka kila mtu aingie randori, yaani pambano la mazoezi. Nikamweleza kwa Kijapani changu cha dukani kwamba mzee hajaniruhusu bado. Hakujibu. Akamwita kijana wa chuo, shingo nene, masikio yamevimba kwa miaka ya mieleka, tukainamiana.

Akanishika ukosi na mkono, akapiga hatua moja, kifua chake kikanisukuma huku mguu wake ukinifyeka kwa nyuma. Osotogari. Kwetu ungesema kapigwa mtama, ila huu unakupeleka chali moja kwa moja, na anayekutupa akikulalia, kichwa ndicho kinacholipa. Changu kililipa. Nikasikia kishindo ndani ya masikio, taa za dari zikawa mbilimbili.

Hakuna aliyeniuliza kama naona vizuri. Niliambiwa nisimame, niiname, nimshukuru aliyenibwaga. Nilipojishika kichwa, msimamizi akasema kwa sauti, watoto wote wakisikia, kwamba wageni hawajui kustahimili. Kisha akanyoosha kidole ukutani: nikae pale kwa magoti, nitazame wenzangu mpaka mwisho. Mtu kagonga kichwa, mnampigisha magoti! Miguu ikafa ganzi, kichefuchefu kikawa kinanipanda, na mbele yangu imetundikwa picha ya Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, ametulia na masharubu yake.

Najua kuna watakaoniambia ndio utamaduni wao huo, ukienda kwa watu fuata yao. Utamaduni upi? Huyo Kano wa kwenye picha alianzisha Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882, kwenye hekalu la Eishoji, Tokyo, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuzichuja jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani: mbinu za kuvunja na kupiga akazitoa kwenye pambano la mazoezi, ili watu wakabane kwa nguvu zote na kesho warudi wazima. Kanuni alizoacha ni mbili: tumia nguvu zako vizuri, na ufaidike pamoja na mwenzako. Mwenzangu siku ile alifaidika. Mimi nilifaidika nini?

Wala si wageni walioanza kulalamika. Uchida Ryo, msomi wa Nagoya, alipekua kumbukumbu za shule za Japani kuanzia 1983 akakuta zaidi ya watoto 100 wamekufa kwa judo ya shuleni, wengi kwa majeraha ya kichwa, na wengi ndio kwanza walikuwa wanaanza mchezo. Mwaka 2013 kocha mkuu wa timu ya taifa ya wanawake alijiuzulu baada ya wachezaji 15 kushtaki kwamba wanapigwa, mpaka na upanga wa mianzi. Timu ya taifa, jamani! Na 2022 shirikisho lao lenyewe likafuta mashindano ya kitaifa ya watoto wa shule za msingi, kwa sababu tamaa ya ushindi ilikuwa imezidi. Huko juu habari zimefika. Jumamosi ya Saitama bado hazijafika.

Daktari alinipiga picha, akasema nipumzike na tatami niisahau kwa muda. Nikaenda kumuaga mzee. Alikuwa ameshasikia. Akanuna, akainama chini kabisa, mtu wa umri ule kuniinamia mimi, nusura machozi yanitoke. Nikasubiri aseme atazungumza na yule bwana. Kimya. Akaniuliza kama nakula vizuri.

Hapo ndipo nyota zilipoanza kupukutika. Maana mzee anajua, na ndiye aliyekaa pale miaka mingi kuliko wote, lakini kumsema mtu mbele ya mgeni haimo katika taratibu zao, na msimamizi yuko palepale. Nilikuwa nimempa mzee nyota zake nne. Sasa sijui nimwachie ngapi. Mbili. Kiganja chake kina haki ya mbili.

Ukibanwa sana uende, nenda Jumatano jioni, yupo mwenyewe. Mtoto wako usimpeleke Jumamosi. Na ada ya mwezi ule, mpaka naandika haya, hawajanirudishia.