Sunny na mwavuli wake mweusi

Kumsomea binti wa kaka yangu riwaya ya Nnedi Okorafor, Akata Witch (witch ni mchawi), kulinitia hofu kidogo. Ana miaka 11, ana ualbino, na sisi tuko Mwanza, ambako neno "mchawi" halitamkwi kwa mzaha mbele ya mtoto kama yeye. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo nikawa namtafsiria kwa mdomo: juju nikaiita uganga, uchawi nikauruka kabisa. Usiku wa tatu akaniambia, "Shangazi, hapo umeruka." Kumbe anafuata kwa kidole.

Riwaya ilitoka 2011. Sunny ana miaka 12, kazaliwa New York, anaishi Aba, Nigeria, na yeye pia ana ualbino. Mwanzoni tu mwalimu anakasirishwa na insha za darasa, anamkabidhi Sunny fimbo awachape wenzake, maana yeye ndiye aliyefanya vizuri. Sunny anakataa huku analia. Baada ya masomo wenzake haohao wanamgeuzia kibao na kumpiga. Ukurasa ule tuliurudia mara mbili, kwa ombi lake, na hakusema kwa nini.

Kilichotuchekesha ni chittim, vijiti vya madini vilivyopinda ambavyo humdondokea mtu kutoka hewani kila anapojifunza jambo jipya. Cha shaba ndicho chenye thamani kubwa, cha dhahabu ndicho cha thamani ndogo kabisa. Siku hizi mtoto akipata hesabu ngumu anatazama dari kwanza.

Kurasa za Black Hat Otokoto, anayeteka watoto, nilizisoma peke yangu jikoni. Aliyekuwa Kanda ya Ziwa mwaka 2007 na 2008, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa, hatauliza sababu. Mwandishi hachezei hofu ile, namsifu kwa hilo, ingawa pambano la mwisho na Black Hat limeisha upesi mno. Kurasa zote zile za maandalizi, halafu paap, kwisha!

Ugomvi wangu ni mwingine. Sunny anapenda mpira wa miguu kupita kiasi lakini anacheza usiku na kaka zake, kwa sababu ya jua. Mchana anatembea na mwavuli mweusi. Nguvu zake za juju zinapoamka, jua haliumizi tena ngozi yake. Niliposoma pale sauti ilinikwama. Mtoto niliyekuwa namsomea hupakwa mafuta ya kuzuia jua kila asubuhi, na tunayakamua mpaka tone la mwisho, tukimaliza tunapasua chupa kwa kisu. Nilitamani Sunny apate uwezo wote ule na ngozi yake ibaki ilivyo.

Nikamtazama nione kama ameumia. Alikuwa anafikiri, kidole bado kiko kwenye mstari.

"Sasa mafuta yake," akauliza, "alimwachia nani?"