Letterboxd: shajara kwanza, nyota baadaye

Wengi hufungua akaunti ya Letterboxd, mtandao wa kurekodi na kujadili filamu, ili wazipe filamu nyota, na hapo ndipo wanapoanza kuitumia vibaya. Huduma hii, iliyoanzishwa mwaka 2011 Auckland, New Zealand, ni shajara ya mpenzi wa filamu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kwa kazi hiyo, sijaona ya kuishinda.

Kwenye ukurasa wa kila filamu kuna alama tatu: jicho, moyo na saa. Saa huipeleka filamu kwenye orodha ya kutazama baadaye. Moyo ni wa uliyoipenda. Jicho linasema tu kwamba umeshaiona, bila tarehe. Ukigusa jicho, au hata ukiweka nyota peke yake, filamu haiingii kwenye shajara. Ili iingie, fungua fomu ya kuandika na uchague siku uliyoitazama. Wageni hukwama hapa kwa namna mbili. Yupo anayegusa jicho mwaka mzima, kisha anashangaa kukuta shajara tupu. Na yupo anayeingiza kila filamu aliyowahi kuiona tangu utotoni kwa tarehe ya leo, takwimu zake za mwaka zikavurugika zote, maana huhesabiwa kutokana na shajara. Filamu za zamani zipe jicho tu. Tarehe ziwe za zile unazotazama kuanzia sasa.

Nyota huanzia nusu hadi 5, kwa hiyo una ngazi 10 za kupimia, na zinatosha kabisa. Ukirudia filamu, weka alama ya marudio badala ya kuhariri maandishi ya zamani. Kila mara uliyotazama hubaki na nyota zake, na za karibuni ndizo zinazohesabika kuwa msimamo wako. Kipengele hiki nakipenda kuliko vyote: filamu iliyoshuka kutoka 4.5 hadi 3 inakuonyesha jinsi macho yako yalivyobadilika. Tumia pia tagi. Andika ulitazama wapi na na nani, halafu baadaye uichuje shajara kwa tagi hiyo.

Anayehamisha kumbukumbu kutoka kwenye jedwali lake atengeneze faili la CSV (jedwali la maandishi matupu, linalotenganisha safu kwa koma) lenye safu za Title, Year, Rating na WatchedDate, tarehe ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Usiache safu ya mwaka. Ukiandika Dune bila mwaka, mfumo unaweza kukuletea ya 1984 ilhali ulitazama ya 2021. Kama una namba ya filamu kutoka IMDb au TMDB, hazina za taarifa za filamu mtandaoni, iweke, nayo inaondoa utata wote. Bado pitia orodha ya filamu zilizotambuliwa kabla ya kuthibitisha.

Taarifa za filamu zenyewe hutoka TMDB, hazina inayohaririwa na watu wa kujitolea. Ndiyo maana filamu ndogo wakati mwingine haina bango, au mwigizaji wake anakosekana. Kulalamika Letterboxd hakusaidii; fungua akaunti TMDB, rekebisha au ongeza filamu huko, usubiri mabadiliko yafike.

Udhaifu mkubwa uko kwenye tamthilia za televisheni. Baadhi ya mifululizo mifupi imo, kama Chernobyl ya 2019 yenye sehemu 5, ila inapimwa yote kwa pamoja kama filamu moja. Huwezi kusema sehemu ya tatu iliizidi ya nne. Anayeishi kwa misimu na vipindi atafute Serializd, iliyojengwa kwa mtindo huohuo lakini kwa ajili ya televisheni.

Upande wa maoni unahitaji uchaguzi. Yanayopanda juu mara nyingi ni mzaha wa sentensi moja, na huko hutajifunza lolote kuhusu uhariri, sauti wala uigizaji. Fuata watu wachache wanaoandika aya nzima, kisha usome maoni ya unaowafuata kabla ya yale maarufu. Wastani wa nyota nao usikutawale; mchoro wa mgawanyo ulio kando yake unasema zaidi. Filamu yenye nyota nyingi za juu na nyingi za chini ni tofauti kabisa na ile ambayo kila mtu kaipa 3, hata kama wastani unalingana. Nawe unapoandika, kama unafichua kisa, weka alama ya kuficha maandishi. Ni adabu ya lazima.

Kuna akaunti mbili za kulipia, Pro na Patron. Pro huondoa matangazo na kukupa kurasa za takwimu: waongozaji na waigizaji uliowatazama zaidi, na saa ulizotumia. Patron huongeza uwezo wa kubadilisha mabango. Kama shajara yako bado ina filamu chache, takwimu hazitakuwa na la kukuambia. Baki na akaunti ya bure. Na kwa akaunti yoyote, ingia kwenye mipangilio mara kwa mara upakue data zako zote. Utapata faili za CSV za shajara, nyota na maoni, unazoweza kuzihifadhi kwenye kompyuta yako.