Rangi ya gari imepauka: ununue nini kabla ya kupiga rangi gari zima

Magari mengi yanayozunguka Tanga ni mtumba wa Japani: IST, Passo, Premio, Noah. Karibu yote yanazeekea mahali pamoja, boneti na paa. Milango bado inang'aa, lakini ukiliangalia gari kwa juu unakuta paa limeshakuwa na weupe weupe. Jua la pwani ndilo linaloanza, hewa ya chumvi inamalizia, na ukiegesha sana upande wa Pongwe unaongezewa vumbi la saruji. Hapo watu wengi huenda moja kwa moja kuuliza bei ya kupiga rangi gari zima.

Mimi nasema subiri kwanza. Rangi ya kiwandani imepikwa kwenye tanuri kwa joto linalozidi nyuzi 100, bodi likiwa tupu, halina viti, nyaya wala plastiki. Gereji ya mtaani haiwezi kuirudisha rangi ya aina hiyo. Ukiifuta yote kwa sababu ya paa na boneti, unatupa kitu kizuri ili upate cha wastani.

Kitu cha kujua kabla hujatoa hela ni kama kilia iko hai. Kilia ni lile tabaka la juu lisilo na rangi, ndilo linalobeba mng'aro na kuzuia jua lisifike kwenye rangi yenyewe. Ni jembamba sana, kwa kawaida mikroni 40 hadi 50, chini ya unene wa unywele. Osha gari, likauke, kisha pitisha kiganja kwenye paa. Kama pamefifia tu na panakwaruza kidogo, kilia bado ipo. Kama unaona mabaka yenye kingo, na ukipitisha ukucha kwenye ukingo unaisikia ngazi au kinabanduka kijiganda, kilia imekufa hapo, na hakuna kopo dukani litakaloifufua. Kwenye mikwaruzo pia tumia ukucha. Ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo huo unaweza kusuguliwa ukaisha. Ukikwama, umeshaingia ndani sana.

Toyota nyeupe zenye namba ya rangi 040 zina jambo lake. Nyingi hazina kilia kabisa. Ukizisugua kwa polishi na kitambaa kikabadilika kuwa cheupe, usiogope: hiyo ni rangi iliyochoka inatoka, na magari haya hurudi vizuri kuliko unavyodhani.

Sasa chaguo zenyewe, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza: kompaundi, polishi na nta

Kama kilia iko hai, usiangalie kitu kingine. Hela unayotumia hapa haifiki hata gharama ya kupuliza boneti na paa, na matokeo yanaonekana siku hiyo hiyo. Vitu vya kununua ni vinne: udongo laini wa kusafishia rangi (ule unaofinyangwa kama chapati), kompaundi ya wastani (dawa ya kusugulia yenye ukali), polishi laini, na nta au dawa ya kulinda rangi. Ongeza tepu ya karatasi na vitambaa vya nyuzinyuzi laini.

Usafi ndio nusu ya kazi. Chembe ya mchanga iliyobaki ndiyo itakayochora mistari utakapoanza kusugua. Vumbi la saruji usilifute likiwa kavu. Limwagie maji mengi, na yale madoa magumu yaliyogandia yalainishe kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza vizuri. Dawa hiyo hiyo inaondoa madoa ya maji ya kisima. Baada ya hapo pitisha udongo kwenye bodi lililolowa maji ya sabuni mpaka kiganja kiteleze.

Kompaundi inakula kilia kidogo kidogo, kwa hiyo anza na polishi laini, na uje kwenye kompaundi pale tu polishi inaposhindwa. Fanya kivulini, bodi likiwa limepoa, kipande cha nusu mita kwa nusu mita kwa wakati mmoja. Ziba kwa tepu zile plastiki nyeusi, maana kompaundi ikikaukia humo inaacha weupe usiotoka kirahisi. Ziba na kingo za boneti, kwa sababu kilia kwenye kingo ni nyembamba kuliko kwingine.

Ukimpa fundi, angalia mashine aliyoshika. Grinda ya kukatia chuma iliyofungwa sponji inakimbia mizunguko 10,000 na zaidi kwa dakika, wakati mashine ya polishi inafanya kazi kati ya 600 na 3,000. Grinda inachoma kilia ndani ya sekunde chache. Mwambie kwa upole, "Fundi, kabla hujaendelea nijaribie hapa pembeni kidogo nione." Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika.

Nta usiiache. Bila nta, baada ya miezi michache umerudi ulikotoka. Kwa gari linalolala nje Raskazone au Chumbageni, mimi ningepaka upya kila baada ya miezi miwili. Kompaundi itakayobaki itumie kwenye taa za mbele zilizoingia umanjano, inasaidia sana.

Ya pili: kupuliza paneli zilizokufa tu

Kilia ikishababuka, lipia boneti na paa peke yake. Kwa Toyota, namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, mbele ya herufi C/TR. Mfano, 202 ni nyeusi, 1F7 ni ya fedha. Lakini namba peke yake haitoshi kwa gari lililopigwa na jua miaka kumi. Dai fundi apulize kwanza kwenye kipande cha bati, mkitoe nje juani, mkilinganishe na fenda. Rangi za metaliki, zile zenye chembe zinazometameta, ndizo zinazosumbua zaidi.

Uliza kilia atakayotumia inachanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha iwe ngumu) au la. Ile isiyo na hadina ni rahisi, lakini hapa kwetu haina maisha. Uliza pia atapulizia wapi. Chini ya mti kando ya barabara, vumbi na wadudu vitagandia humo. Epuka siku za masika, unyevu ukiwa mwingi kilia inaweza kukauka na ukungu mweupe.

Ya tatu: kikopo cha rangi cha kuzibia mikwaruzo

Hakipendezeshi sana, ila mkwaruzo uliofika kwenye chuma usiuache hata wiki. Hewa ya chumvi inaingiza kutu chini ya rangi na inatambaa. Ondoa kutu kwa msasa laini, paka praima, rangi, kisha kilia.

Ya nne: stika

Inapendeza kwenye paa, hasa stika nyeusi, lakini haishiki juu ya kilia inayobanduka. Na siku ukiitoa hapo, inaweza kuondoka na kilia iliyobaki.

Ya tano: seramiki

Hii ni dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi na kuganda kuwa tabaka gumu la kuilinda. Ni nzuri kwa rangi iliyokwisha kurekebishwa. Ukiipaka juu ya rangi iliyopauka, unafungia mpauko ndani kwa bei kubwa.

Usinunue

Mafuta ya taa, dizeli, na zile dawa za silikoni zinazopuliziwa gari likiwa na vumbi. Zinang'arisha mpaka mvua ya kwanza. Silikoni ina tatizo jingine: ikibaki kwenye bodi, rangi mpya inakataa kushika na kuacha vishimo vidogo vidogo. Kama ulishaitumia, mwambie fundi rangi mapema ili aifute kwa dawa ya kuondolea nta na mafuta kabla hajashika msasa.